Servo Tatu kwa Mguu Mmoja

Kabla sijaeleza jinsi nilivyomkalisha baba yangu mkekani kwa miezi mitatu, naomba ijulikane kwamba mimi si mjinga. Nina cheti cha ufundi wa mitambo, nasimamia maabara ya fizikia katika shule moja ya upili hapa Garissa, na niliwahi kutengeneza mizani ya umeme iliyofanya kazi siku mbili mfululizo. Mjinga ana kisingizio. Mimi sina.

Baba yangu, Mzee Hirsi, ni dalali wa mifugo. Miaka sita iliyopita ugonjwa wa sukari ulimla mguu wa kushoto, ukakatwa chini ya goti, na watu wakadhani amestaafu. Haikupita miezi mingi akarudi sokoni na mguu wa bandia, akasimama katikati ya ngamia kana kwamba alikuwa ametoka tu kunywa chai. Dalali hafanyi kazi akiwa ameketi. Lazima amzunguke mnyama, amfungue mdomo aone meno, kisha asimame kati ya mwenye mali na mnunuzi, mikono yake yote miwili chini ya shuka, akibonyeza vidole vya huyu na vya yule mpaka bei ikubalike bila jirani kusikia hata neno moja. Hiyo ndiyo kazi yake, na kusema kweli ndiyo uhai wake.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani mguu ule ukavunjika. Si wote. Kuna bomba linaloteremka kutoka gotini, na chini linashikwa na kipande cha alumini, kikubwa kama kikombe cha kahawa, chenye tundu la duara na ufa unaobanwa kwa skrubu mbili. Kipande hicho ndicho kilichopasuka. Kliniki wakatuambia kipuri kimeagizwa na kitakuja. Tukauliza lini. Wakasema kitakuja.

Basi mimi, Kerrow bin Hirsi, nikasema mbele ya mke wangu Deka na majirani wawili waliokuja kumjulia mzee hali, kwamba hakuna haja ya kungoja mtu. Nitakitengeneza mimi. Majirani wakaniombea dua. Baba akaniangalia, akasema inshallah, akajinyoosha mkekani.

Sikuwa najigamba bure. Nina mashine. Ni mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile mafundi wanayoiita miling, niliyoinunua shirika moja lilipofunga karakana yake kule Dadaab. Inakaa juu ya meza katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Galbet. Ina mikono mitatu ya kuzungusha: mmoja unapeleka kazi kushoto na kulia, mwingine mbele na nyuma, wa tatu unateremsha kisu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimetengenezea kifuniko cha birika na kishikio cha funguo. Kifuniko hakikuingia.

Mtu mwenye akili timamu angeshika mikono ile mitatu akaanza kuzungusha. Mimi nilitangaza kwamba kipande cha kubeba uzito wa mzazi hakiwezi kuachiwa mkono wa binadamu, unaotetemeka na kuchoka. Kinahitaji CNC, yaani kompyuta ndiyo izungushe mikono ile badala yangu. Na ili kompyuta izungushe, kila mkono uondolewe na mahali pake pafungwe mota. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua mota.

Waswahili walishasema zamani, mchagua jembe si mkulima. Niliijua methali hiyo. Nimewahi hata kuwaandikia wanafunzi ubaoni.

Kuna mota ziitwazo stepa, ambazo ni rahisi na zinapatikana. Stepa hutembea hatua kwa hatua kama mtu anayepanda ngazi gizani huku akihesabu. Ikijikwaa katikati, inaendelea kuhesabu tu, haijui kwamba imekosea. Servo ni kitu kingine. Servo ina jicho mgongoni, enkoda, na kila sekunde inajua imefika wapi. Ukiisukuma, inarudi. Nilisoma hayo yote wakati wa vipindi vyangu vya mapumziko, nikaamua kwamba stepa ni za watu wasiowaheshimu baba zao.

Halafu ikaja habari ya ukubwa. Wati mia mbili, mia nne, au mia saba na hamsini? Nikafungua daftari. Nikapiga mistari. Niliandika nguvu ya kila mota, uzito wake, kasi yake, urefu wa shafti yake, na kama ina breki ya kuzuia kisu kisidondoke umeme ukikatika. Niliingia katika mabaraza ya mtandaoni nikauliza maswali. Mbrazili mmoja nisiyemjua akanijibu kwa upole kwamba mia saba na hamsini ikifungwa kwenye mashine kama yangu, mota itabaki imesimama na mashine ndiyo itakayozunguka. Mtu mwingine akasema mia mbili zinatosha kabisa. Nilimchukia huyo siku tatu nzima.

Jumatano zikawa zinapita, na Jumatano ndiyo siku kubwa ya soko. Mwanzoni simu ya baba haikutulia. Wafugaji walimpigia kutoka njiani, wengine kutoka mbali kama Lafey, kumuuliza bei ya ngamia dume imesimama wapi na awatafutie nani. Naye, akiwa amelala ubavu, aliwaelekeza kwa dalali huyu au yule. Ilipofika Idd ndogo simu zilikuwa zimepungua. Mvua ya masika ilipoisha, Jumatano moja ilipita simu isilie kabisa. Aliiwasha na kuizima mara mbili kuona kama ni nzima.

Kila Jumatano asubuhi aliniuliza nimefika wapi. Nami nilimweleza. Nilimweleza habari ya enkoda, habari ya mkanda na meno yake, na sababu kwa nini mota kubwa kupita kiasi si sifa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa uso uleule anaomsikilizia mtu anayemsifia ngamia kilema. Kisha alisema vizuri, akageukia ukutani.

Deka aliniuliza mara moja tu kama mikono ya ile mashine imeharibika. Nikamjibu kwamba haijaharibika, ila hajaelewa swali. Akasema sawa. Nimeoa mwanamke anayejua kusema sawa ikakuchoma wiki nzima.

Hatimaye, zikiwa zimebaki wiki tatu hadi Arafa, niliamua. Wati mia nne, tatu, breki moja. Nikapewa namba ya mfanyabiashara wa Eastleigh anayeitwa Mohamednoor, mtu anayeuza mota za kila aina na anayesifika kwa kusema kweli.

Hapa lazima nieleze nilivyolelewa. Mtoto wa dalali, kabla hajajua alifu wala be, anafundishwa jambo moja: usionyeshe haja yako. Ukifika sokoni na uso wa mtu ambaye mtoto wake amekosa maziwa, ngamia wa maziwa atapanda bei kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo unasema unatafuta wa kuchinja. Unasema umepita tu. Unapiga miayo. Nililishwa hayo pamoja na uji.

Mohamednoor alinisalimia vizuri, tukaulizana habari za jamaa na mvua, kisha akaniuliza mota hizo zitafanya kazi gani. Lilikuwa swali la haki. Daftari langu lilikuwa magotini, kurasa arobaini, na jibu lake limeandikwa ukurasa wa kwanza. Na mimi nikapiga miayo. Kweli nilipiga, kwa sauti. Nikamwambia si zangu, kuna mama mmoja fundi wa nguo hapa Galbet mwenye cherehani tatu, amesikia habari za servo na anataka kujaribu, wala hana haraka. Akauliza wati ngapi. Nikasema kama mia nne hivi. Akauliza kama nataka seti nzima pamoja na vidhibiti vyake. Nikamwambia aweke tu vile inavyokuwa kawaida kwa kazi hiyo, asijisumbue.

Akataja bei. Nusura niangushe simu. Ilikuwa chini mno kuliko yote niliyoyaona katika miezi mitatu, na badala ya kujiuliza kwa nini, nilihisi damu ya baba yangu ikinichemka mishipani. Nikaomba apunguze. Akapunguza. Siku ile nilitembea uani kwa maringo, nikimweleza Deka kwamba elimu ni nzuri lakini asili ni asili.

Sanduku lilifika kwa basi siku ya Alhamisi. Nilimwita Deka, nikamsaidia baba kusogea mlangoni, kwa sababu nilitaka wote waone. Nikakata kamba. Ndani kulikuwa na mota tatu nyeusi, nzuri, zinazong'aa. Kila moja ilikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha na taa ndogo ya kijani. Na kila moja ilikuwa na fimbo ndefu nyembamba yenye ndoano mwishoni.

Niliishika fimbo ile nikaigeuza. Haikuwa kwenye daftari.

Deka alikuwa akishona sare za shule kabla hatujaoana. Aliinama, akachukua fimbo mkononi mwangu, akaniambia kwamba hii huenda kwenye kanyagio. Unakanyaga hapa, mota inakimbia, sindano inashona. Nikamwambia hizi ni servo. Akasema ndiyo, ni servo, za cherehani, na ni nzuri sana, zile za zamani zilikuwa na kelele.

Alikuwa sahihi. Mota ya namna ile inajua kukimbia na inajua kusimama, lakini hakuna mahali pa kuiambia izunguke robo duara, ibaki pale, ingoje. Huwezi kuchongea nayo hata kijiti. Nilikaa chini kando ya sanduku. Nilitaka kumkasirikia Mohamednoor, na ningefanikiwa, kama baba hangeanza kuuliza.

"Ulimwambia za nini?" aliuliza.

"Za cherehani, Aabo."

"Naye amekuletea za cherehani."

"Ndiyo."

"Basi amekudhulumu wapi?"

Baba akasema nimpigie yule mtu, niweke spika, nimwambie kweli yeye akisikia. Nikapiga. Sijawahi kuona simu ikipokewa haraka namna ile. Nikaeleza kwamba hakuna mama wa cherehani, kwamba kuna mashine ya miling, na kuna mzee aliyekatwa mguu, na kipande kimepasuka, na nataka kuifanya mashine iwe CNC ili nikitengeneze. Nilieleza kwa haraka, kama mtoto anayesoma sura asiyoihifadhi vizuri. Mohamednoor hakunifokea. Alisema mota nitazirudisha, hilo si tatizo, ila ana swali.

"Unatengeneza vipande vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja tu? Ndugu yangu, watu wanatafuta CNC wakitaka vipande mia vinavyofanana. Kimoja si unazungusha mikono tu? Au mashine yako haina mikono?"

Nikasema inayo. Akasema Mungu amponye mzee, tukaagana.

Deka alijishughulisha na kamba za sanduku. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimejua jibu la swali lile na nimelizunguka kama mbwa anavyozunguka jiko la moto. Ukweli ni huu: nilikuwa nimeitamani CNC tangu siku niliponunua ile mashine. Sikuwa na sababu ya kuwa nayo. Halafu mguu wa baba ukavunjika, na nikapata sababu. Nilifurahi. Si sana, na si kwa nia mbaya, lakini nilifurahi, na ndiyo maana haraka haikuniingia. Nikamficha Mohamednoor haja yangu kwa kusema cherehani, na nyumba nzima nikaificha kwa kusema mguu. Mficha uchi hazai, na mimi sikuzaa chochote isipokuwa fimbo tatu zenye ndoano.

"Kerrow," baba alisema, "ulitaka mashine?"

"Nilitaka, Aabo."

"Ungesema. Ningekaa nikingoja mashine, nikijua nangoja mashine. Nimekaa hapa nikidhani nangoja mguu."

Hakupandisha sauti. Ningelipenda apandishe. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mtoto, aibu ya kutojua mikono uiweke wapi, nikainuka nikaenda chumba cha nyuma kwa sababu huko angalau kulikuwa na kitu cha kushika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulipotoka msikitini nilibana bonge jipya la alumini mezani, nikashika mkono wa kwanza, nikazungusha. Kila mkono una bangili yenye mistari. Mstari mmoja ni unene wa karatasi nyembamba. Unazungusha, unasoma, unapima, unazungusha tena. Vipande vya alumini viliruka vikanichoma shingoni. Tundu la duara nililipanua kidogo kidogo, na kila mara nilichukua bomba la mguu na kulijaribu, mpaka likaingia kwa kusukumwa na likakataa kutoka kwa kuvutwa. Nikakata ufa, nikatoboa matundu ya skrubu, nikayatia meno. Deka aliniletea chai mara mbili, na mara ya pili alisimama kidogo akitazama. Adhana ya Magharibi ilinikuta napiga msasa kingo.

Sikuwa nimetetemeka. Wala sikuwa nimechoka.

Fundi wa viungo kule kliniki alikikagua Jumatatu, akakibana, akasimama juu yake kwa uzito wake wote, kisha akaniuliza nilikitengeneza kwa mashine gani. Nikamwambia ya mikono. Akanisifu. Nilitazama chini. Mota mbili zilirudi Eastleigh kwa basi siku hiyohiyo. Ya tatu Deka alikataa kuitoa, akaifunga kwenye cherehani yake ya zamani, na mpaka leo ndiyo servo pekee inayofanya kazi nyumbani kwangu.

Jumatano ilikuwa ya mwisho kabla ya Arafa. Nililazimika kuomba ruhusa shuleni nimsindikize baba. Alishuka kwenye tuk-tuk mwenyewe, fimbo mkononi, akatembea katikati ya vumbi na mikojo ya ngamia akiwa amenyoosha shingo. Watu walimsalimia vizuri mno. Walimshika mkono, wakamwuliza afya, wakamshukuru Mungu. Kisha wakarudi kwa madalali wengine. Mahali alipozoea kusimama alikuwepo kijana mwenye miwani ya jua, na wafugaji ambao baba amewahudumia miaka ishirini walikuwa wamemzunguka. Baba akasimama pembeni. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Hakuna aliyemwita. Nilihesabu ngamia kumi na saba wakiuzwa mbele ya macho yake.

Mchinjaji mmoja kutoka Mwingi ndiye aliyemwona. Alikuja akicheka, mikono mbele, na mfugaji mmoja akamfuata na dume lake. Madalali watano sita wakasogea kusikia.

"Mzee Hirsi, ulipotelea wapi? Nimekutafuta tangu Ramadhani."

"Mguu ilifunjika," baba alisema kwa Kiswahili chake cha soko. "Hii kijana yangu nafanya ingine."

"Kumbe ni kazi kubwa. Ilichukua muda gani?"

Baba akanigeukia. "Uliza yeye."

Lingekuwa jambo rahisi. Ningesema kipuri kilichelewa njiani, na hapana mtu hapo ambaye angeshangaa. Kila mmoja wao anangoja kipuri cha kitu. Hata mdomo ulikuwa umeshaanza kufunguka kwa ajili ya uongo huo.

"Alasiri moja," nilisema. "Hiyo miezi mitatu nilikuwa nachagua mota."

Mchinjaji akafikiri nafanya mzaha. Ilinibidi nieleze, na nilieleza yote, mpaka miayo, mpaka fimbo za kanyagio. Waliokijua Kiswahili wakawatafsiria wasiokijua, kwa hiyo kicheko kilikuja mara mbili. Yule kijana wa miwani ya jua alishika bega la ngamia asianguke. Kwetu jina la utani halina rufani: likishatamkwa hadharani umeandikiwa, na wajukuu wako watalisikia. Mzee mmoja alifuta machozi akasema Saddex Bilood. Miezi Mitatu. Likarudiwa nyuma, likafika kwa wauza mbuzi.

Nilimtazama baba anitetee. Tayari alikuwa ameingiza mkono mmoja chini ya shuka kwa mchinjaji, na alitaka kuingiza wa pili kwa mwenye dume, lakini ulikuwa na fimbo.

"Saddex Bilood," alisema bila kugeuka, "nishikie hii."

Nikaishika.